Skrubu mbili za kava la klachi zimekula nyota: bisibisi ipi, na zinatokaje bila kuua kava?

#1 Kijana_wa_Ilula

Kamwene wakuu. Yamaha DT 125 ya zamani, kava la klachi. Skrubu zote ni za nyota, M6 (unene wa mm 6). Nyingine zimelegea vizuri, mbili za chini upande wa mbele zimesagika kichwa, bisibisi inazunguka kama iko kwenye uji. Iliyotumika ni nyota ya kawaida kutoka kwenye seti ya dukani. Kuna anayesema toboa, mwingine anasema piga tindo. Naomba mambo mawili: bisibisi sahihi ya hizi skrubu ni ipi, na hizo mbili nazitoaje?

#2 FundiUyole

Kwanza weka drili pembeni. Drili ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Kosa limeanzia kwenye bisibisi. Watu wengi tunajua "bapa" na "nyota" basi, lakini nyota ziko aina tatu zinazofanana kwa macho na hazifanani kabisa kwa kazi.

Ya kwanza ni Phillips, yenye herufi PH kwenye shina. Kingo zake zimelala kidogo kuelekea ncha, kwa hiyo ukikaza nguvu inaipandisha juu itoke kwenye tundu. Usipoisukuma chini kwa uzito wa mwili, itaruka tu.

Ya pili ni Pozidriv, PZ. Kingo zimesimama zaidi. Ukitazama kichwa cha skrubu utaona msalaba mkubwa, halafu mistari minne membamba katikati ya mikono ya msalaba. Hizi ndizo skrubu nyingi za njano za mbao na chipubodi. Ukiweka PH kwenye PZ inacheza, na kila ikicheza inakula chuma.

Ya tatu ndiyo yako: nyota ya Kijapani, JIS. Skrubu yake mara nyingi ina kidoti kimoja kidogo kimegongwa kichwani, kati ya mikono miwili ya msalaba. Tundu lake ni fupi kidogo kuliko la Phillips. Ncha ya PH inagota chini kabla kingo hazijashika kuta, kwa hiyo nguvu yote inabebwa na kingo za juu kidogo tu. Ukizungusha, hizo kingo zinakatika. Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya nyuma zimejaa skrubu hizi, ndiyo maana makava yake mengi hapa mjini yamejeruhiwa.

Halafu namba. M3 mpaka M5 ni namba 2. M6 ni namba 3. Seti nyingi za bei nafuu zina namba 1 na 2 tu, kwa hiyo watu wanafungua M6 kwa namba 2. Hata aina ikiwa sahihi, hapo bado umepotea.

Kupima ni rahisi. Chukua moja uliyoifungua, ichomeke kwenye bisibisi, shika bisibisi imelala mlalo. Skrubu ikikaa bila kudondoka, na ukiitikisa kwa kidole haichezi, hiyo ndiyo saizi. Ikidondoka, tafuta nyingine.

#3 Mlandege_Spea

Naunga mkono, ila JIS namba 3 si kila duka la spea linayo, uwe Iringa mjini au Mwanjelwa. Usipoipata, nunua biti ya PH3 ya chuma kigumu uisage ncha kwa grinda ya benchi, nusu milimita tu, ile pua ya mbele kabisa. Ikizama zaidi kingo zinashika. Gusa jiwe sekunde moja, chovya kwenye maji, gusa tena. Ncha ikibadilika rangi kuwa bluu, ugumu wake umekwisha, itapinda kama msumari.

Upande wa pili hauna shida: bisibisi ya JIS inaingia vizuri kwenye skrubu ya Phillips. Ukiwa na pesa ya kununua moja tu, nunua JIS.

#4 Kijana_wa_Ilula

Kidoti kipo, nimekiona kwenye zote. Sasa hizo mbili?

#5 FundiUyole

Twende kwa mpangilio, na usiruke hatua kwa sababu umechoka.

Safisha tundu. Mavumbi na oili iliyoganda vinajaza chini ya msalaba, bisibisi haifiki mwisho. Tumia msumari uliochongwa au sindano kubwa ya viatu, kisha brashi ya waya. Hapo hapo utaona kama kuta bado zipo kiasi.

Weka mafuta ya kupenya. WD-40 inasaidia kidogo, ila si kali kwa kutu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asitoni na oili ya gia boksi ya otomatiki (ATF) unapenya vizuri zaidi. Tikisa kila unapotumia maana vinajitenga, weka tone mbili tatu kuzunguka kichwa, na usivute sigara karibu. Oili chafu ya injini haifai, ni nzito, inakaa juu tu. Subiri dakika 30 angalau, usiku mzima ni bora.

Kisha mshtuko. Hapa ndipo wengi wanaogopa bure. Chomeka biti, piga kichwa cha bisibisi kwa nyundo mara nne au tano, pigo fupi na kavu, wima kabisa. Kinachoshikilia skrubu ya chuma ndani ya alumini mara nyingi si kutu nyekundu, ni unga mweupe wa alumini iliyooza pale metali mbili zinapokutana na unyevu. Ule unga ni mgumu lakini unavunjika kwa kugongwa. Pia pigo linabonyeza kuta za msalaba zirudi kukumbatia biti.

Sasa bisibisi ya kugonga, ile nene ya chuma ambayo ukiipiga nyundo inajizungusha yenyewe. Kwa M6 ndiyo dawa. Iweke upande wa kufungua, chomeka biti namba 3, na kabla ya kupiga izungushe kwa mkono kwenda kushoto mpaka ule mchezo wa ndani uishe. Usipofanya hivyo pigo la kwanza linapotea. Nyundo iwe ya kilo moja hivi. Nyundo nyepesi ya gramu 300 inakulazimisha upige mara nyingi, na kila pigo dhaifu linaruka. Pigo moja la maana ni bora kuliko kumi ya kubembeleza. Kava liwe limeegemea kitu kizito. Pikipiki ikiyumba kwenye stendi, nusu ya nguvu inaliwa na springi.

Ikisogea hata kidogo, acha kugonga. Weka mafuta tena, kaza robo mzunguko, legeza nusu, kaza, legeza. Usiitoe kwa mkupuo, ule unga utajisokota kwenye nyuzi na kukata skrubu.

#6 Dereva_Makambako

Mkuu, na moto je? Huku tunaona mafundi wanapuliza moto wa gesi mpaka kava linabadilika rangi.

#7 FundiUyole

Moto unafanya kazi kwa sababu alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko skrubu. Tofauti yenyewe kwenye M6 haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita, lakini inatosha kuvunja ule unga. Huhitaji rangi ibadilike. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, utashtukia kona imedondoka.

Pia moto wa wazi karibu na kabureta na tangi hapana. Na kama mafuta ya kupenya bado yako juu, hasa ule mchanganyiko wa asitoni, unawasha taa.

Njia salama ni maji ya moto. Funga tambara kuzunguka eneo, mimina birika zima la maji yanayochemka polepole kwenye kava pale pale kwenye skrubu, kisha gonga mara moja kabla halijapoa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94 tu badala ya 100, bado yanatosha. Ziba mdomo wa kabureta.

Kama kuna gundi ya nyuzi, hapo maji hayatoshi. Loctite ya bluu unaweza kuilazimisha kwa zana za kawaida, nyekundu inataka joto la nyuzi 250 hivi. Makava ya injini kwa kawaida hayana gundi, kwa hiyo usianze kuwaza hayo.

#8 Chuma_Tukuyu

Huku Rungwe mvua haikatiki, kutu ndiyo jirani yetu. Kwa kichwa kilichoisha kabisa mimi naona muende moja kwa moja kwenye kuchomelea nati. Chukua nati ya M8, ikalishe juu ya kichwa cha M6, chomelea ndani ya tundu la nati kuanzia katikati ya kichwa ukitoka nje. Elektrodi ya mm 2.5, ampea 80 hivi, haraka. Subiri wekundu uishe, kisha spana ya 13. Faida ni mbili: umepata kichwa kipya, na joto limeingia kwenye skrubu yenyewe.

Chomoa waya wa betri na CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi) kabla ya kuwasha mashine, na klampu ya athi ibane karibu na kazi, kwenye injini. Ukiibana mbali, umeme unaweza kutafuta njia kupitia beringi.

#9 Mlandege_Spea

Kwa chuma juu ya chuma sawa kaka. Kwa kava la alumini la kuazima mkono wa mchomeleaji wa barabarani, siungi mkono. Cheche moja ikigusa uso wa gasketi una kazi ya kusawazisha siku nzima.

Kijana, kabla ya hapo jaribu tindo. Ndogo, yenye makali. Iweke kwenye ukingo wa nje wa kichwa, si kwenye msalaba. Pigo la kwanza wima ili ifanye kidonda. La pili ilaze kiasi cha nyuzi 45 na upige kuelekea upande wa kufungua, kinyume na saa. Vichwa vya M6 vya makava vina unene wa kutosha, vinavumilia.

Au kata mfereji. Msumeno wa chuma kama unafika. Kama mfereji ni mwembamba mno, funga bleedi mbili pamoja kwenye fremu. Kisha bisibisi bapa inayojaza mfereji wote, yenye shina la pembe sita chini ya mpini ili ushike na spana. Mkono mmoja unasukuma chini, spana inazungusha. Robo tatu ya nguvu iende kusukuma.

Ile ya kuweka kipande cha mpira wa tyubu kati ya bisibisi na skrubu, ambayo kila mtu anaisambaza, ni ya skrubu ndogo za redio na simu. Kwenye M6 iliyoshika ni kupoteza mpira. Pesti ya kusagia valvu kwenye ncha ya biti ina maana zaidi: zile chembe zinang'ata.

#10 Kijana_wa_Ilula

Moja imetoka kwa tindo, pigo la tatu. Ya pili kichwa kimebaki kama kisahani. Duka la jirani wana iziauti, ile ya kuchomeka kwenye tundu na kutolea skrubu, nichukue?

#11 FundiUyole

Usichukue. Iziauti ni chuma kigumu sana na kwa hiyo ni dhaifu kwa kupinda. Kwenye M6 unatoboa tundu la mm 3 mpaka 3.5, unachomeka kitu chembamba kuliko msumari wa inchi nne, halafu unakitegemea kizungushe kitu kilichoshinda bisibisi ya kugonga. Kikikatikia ndani, biti ya kawaida haikitoboi tena. Hapo umehama kutoka tatizo la skrubu kwenda tatizo la injini.

Wewe una bahati ambayo hujaiona: kava lina unene. Toboa kichwa tu. Msalaba uliosagika tayari umekutengenezea kati. Anza na biti ya mm 3, kina cha milimita 4 hivi, kisha mm 6. Mwendo wa polepole, tone la oili, mkono ulionyooka. Kichwa kitajikata na kupanda juu ya biti kama pete. Simama hapo hapo.

Kichwa kikiondoka, mkazo wote wa skrubu umekwisha. Kava linatoka kwa kuligonga na nyundo ya mpira, na kisiki kinabaki kimesimama nje kwa urefu wa unene wa kava. Kibane na vaisi gripu (koleo la kujifunga) chini kabisa karibu na injini, kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Mara nyingi kinatoka kwa nguvu ya vidole viwili, na watu wanabaki wanashangaa kilikuwa kinashikiliwa na nini. Kilikuwa kinashikiliwa na kichwa.

#12 Seremala_Mafinga

Ngoja niongeze upande wa mbao, maana mada ni skrubu.

Skrubu iliyoshika kwenye mninga haijashika kwa kutu peke yake, mbao imeibana. Chukua pasi ya kulehemu risasi ya mafundi redio, au fimbo ya chuma iliyopashwa kwenye mkaa, ibonyeze kwenye kichwa dakika moja au mbili. Skrubu inatanuka, inasukuma mbao kando, ikipoa inasinyaa na kuacha nafasi. Acha ipoe kabisa ndipo ufungue. Ukifungua ingali ya moto umefanya kinyume.

Kwa skrubu ya mm 4, tundu la kuanzia kwenye paini ya Sao Hill ni mm 2 mpaka 2.5, kwenye mninga ni mm 3. Paka nta ya mshumaa kwenye nyuzi, si sabuni. Sabuni inavuta unyevu na baada ya misimu miwili ya mvua utakuja kuniuliza.

Zile nyeusi za jipsamu msizitumie kwenye mbao ngumu wala bawaba. Ni ngumu na zinakatika shingoni ghafla. Mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, zina shaba ndani yake, zinakula skrubu ya kawaida. Weka iliyopakwa zinki nzito.

Iliyokatikia ndani: kipande cha bomba jembamba la chuma lenye tundu la mm 6 hivi, chonga meno manne kwa tupa, funga kwenye drili, zungusha kinyume na saa kuzunguka kisiki. Kinatoka na gamba lake. Ziba kwa kijiti cha mbao ile ile na gundi.

#13 Mama_Cherehani_Njombe

Na sisi wa bapa? Skrubu za kufungia sahani ya sindano kwenye cherehani, bisibisi inapanda juu na kuchuna mfereji. Bisibisi ni mpya kabisa.

#14 Mlandege_Spea

Mama, upya wake ndio shida. Bapa nyingi za dukani zinatoka zimechongwa kama kabari, nyembamba mbele na nene nyuma. Kabari kwenye mfereji ulionyooka inagusa midomo ya juu tu, ukizungusha inajisukuma nje.

Ifunge kwenye jiliwa, chukua tupa laini, sawazisha nyuso mbili kwa urefu wa mm 3 mpaka ziwe sambamba. Unene uwe ule wa mfereji, iingie kwa kubana kidogo. Upana uwe sawa na urefu wa mfereji, usizidi, la sivyo itachuna sahani. Skrubu zile ni fupi na kichwa chake kimezama, nafasi ya kukosea ni ndogo. Tone la oili ya cherehani, subiri, bonyeza kwa kiganja.

#15 Mama_Cherehani_Njombe

Asante baba. Nimeelewa.

#16 Dereva_Makambako

Kuna zingine zinafunguka kwenda kulia, msisahau. Mtu anaikaza akidhani anaifungua.

#17 Chuma_Tukuyu

Kweli. Nati ya kisu cha mashine ya kufyekea majani, pedali ya kushoto ya baiskeli, nati ya panga la feni nyingi za mezani, jiwe la kushoto la grinda ya benchi, regyuleta ya mtungi mkubwa wa gesi. Na kwa kuwa tunaongelea Yamaha: kioo cha kulia cha nyingi ya hizo pikipiki.

#18 Kijana_wa_Ilula

Kichwa kimekatika, kava limetoka, kisiki kimetoka kwa vaisi gripu. Ndaga fijo FundiUyole. Kurudisha naweza kuweka za alenki (zenye tundu la pembe sita) badala ya nyota? Na nyuzi za kwenye injini zina unga mweupe.

#19 FundiUyole

Weka M6 za alenki, zinatumia ufunguo wa mm 5. Ila angalia urefu moja moja, kava hili lina skrubu za urefu tofauti. Chukua boksi la kadibodi, chora umbo la kava, toboa matundu, kila skrubu ya zamani ikae mahali pake, kisha nunua kwa kulinganisha. Ikiwa ndefu inagota chini na kupasua alumini, au unadhani umekaza kumbe kava halijabanwa na oili inavuja. Ikiwa fupi inashika nyuzi mbili tatu na kuzing'oa. Kwenye alumini, sehemu inayoingia kwenye injini iwe mm 9 mpaka 12.

Ule unga usiuondoe kwa kulazimisha skrubu mpya. Pitisha tepu (chuma cha kuchongea nyuzi za ndani) ya M6 yenye hatua ya mm 1, kwa mkono, nusu mbele robo nyuma, kisha puliza. Ukiwa nayo skrubu ya zamani nzuri, ikate mifereji miwili ya urefu kwa msumeno, inafanya kazi ya tepu.

Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, hasa ukinunua zile za chuma kisichoshika kutu, maana ndizo zinazoozesha alumini haraka zaidi. Zianze zote kwa vidole. Kaza kwa kuvuka, upande huu kisha ule, mizunguko miwili, mwisho Nm 10. Huna spana ya kupima nguvu? Shika alenki upande mfupi wakati wa kukaza kwanza, kisha upande mrefu robo ya mwisho kwa vidole viwili tu.

#20 Dereva_Makambako

Na zile mbili ndogo za kifuniko cha oili ya breki kwenye usukani? Nazo zimekufa hivyo hivyo.

#21 FundiUyole

Hizo ni M4, kichwa bapa kilichozama, JIS namba 2. Oili ya breki inavuta unyevu, ndiyo maana zinashika. Gonga kwanza, nyundo ndogo, biti iliyokaa wima. Zikikataa, toboa kichwa kwa mm 4, kifuniko kitoke, visiki utavitoa kwa koleo. Funika tangi na fremu kwa tambara lenye maji kabla hujafungua kitu, ile oili inakula rangi. Na baada ya hapo badilisha oili yote, vumbi la chuma limeshaingia.